Nilipitia Diploma Hadi Kuwa Mhandisi: Gharama na Mitego ya Njia Hii

Kila matokeo ya kidato cha nne yanapotangazwa, wazazi wa kwetu Singida huanza kunipigia simu. Swali ni lilelile: mtoto anataka kuwa injinia, kapata alama hizi, apelekwe wapi? Wengi huwa wameshaamini kwamba asipopangiwa PCM, yaani Fizikia, Kemia na Hisabati za kidato cha tano na cha sita, basi uinjinia umekwisha. Mimi sikusoma PCM, kidato cha tano sikukikanyaga, na leo nimesajiliwa kama mhandisi mtaalamu wa ujenzi na muhuri wangu ninao. Naandika kwa ajili ya wazazi hao na watoto wao, kwa sababu kwenye simu mambo haya hayaishi, na mengi niliyoyajua kwa tabu yangeweza kusemwa mapema na mtu aliyetangulia.

Tuanze na hesabu, maana ndiyo inayowatisha watu bure. Anayepitia PCM husoma kidato cha tano na cha sita miaka 2, digrii ya uhandisi miaka 4, kisha mafunzo kazini chini ya Bodi ya Usajili wa Wahandisi, ERB, miaka 3. Ni miaka 9. Anayepitia diploma husoma miaka 3, digrii miaka 4, kisha miaka 3 ileile ya ERB. Ni miaka 10. Tofauti ni mwaka mmoja. Tena huyu wa diploma akimaliza ile miaka 3 ya mwanzo ni fundi sanifu, mtaalamu wa kati ya fundi na mhandisi, anaajirika, anakula jasho lake. Mwenzake akikwama kidato cha sita hana kazi mkononi. Mimi mwenyewe nilichukua zaidi ya miaka 10, lakini kilichonichelewesha ni fedha.

Kidato cha nne nilipata C ya Hisabati, C ya Fizikia na D ya Kemia. Ile D ndiyo iliyoninyima PCM. Nikapangiwa HGE, yaani Historia, Jiografia na Uchumi, na nyumbani wakashangilia kwa sababu binti kachaguliwa. Niliyelia ni mimi. Aliyenielewa alikuwa baba mdogo, fundi sanifu wa maji wilayani, aliyesoma enzi za FTC, cheti cha zamani cha mafundi sanifu. Alikuja jioni, akaomba mama azime redio, akasema, "Shemeji, huyu mtoto kila nikileta pampu nyumbani anakaa nayo mpaka naifunga. Mwache aende chuo cha ufundi." Mama alikataa. Kwake chuo cha ufundi kilikuwa mahali pa waliofeli, na aliogopa majirani wangesema nini. Baba mdogo alihitaji siku kadhaa kumweleza kwamba kuna vyuo vya VETA, mamlaka ya ufundi stadi, vinavyofundisha mafundi stadi, kazi ya heshima kabisa, na kuna vyuo vya ufundi vinavyotoa stashahada kwa ngazi za NTA, yaani tuzo za taifa za ufundi, ya 4, ya 5 na ya 6. Ukimaliza ya 6 una diploma kamili, na mlango wa chuo kikuu uko wazi.

Bado watu wanachanganya hapo, kwa hiyo niseme wazi. Kuingia ngazi ya 4 katika fani za uhandisi, vyuo vingi hutaka ufaulu wa angalau D katika masomo manne, na ndani yake Hisabati, Fizikia na Kemia ziwemo. Mtoto anayetaka njia hii asiache Fizikia kidato cha pili eti ni ngumu. Akiiacha, amejifungia milango yote miwili, wa PCM na wa diploma. Vyuo vyenyewe vipo: DIT pale Dar es Salaam, Chuo cha Ufundi Arusha, MUST ya Mbeya ambayo ilikuwa chuo cha ufundi kabla ya kupanda kuwa chuo kikuu mwaka 2012, na Chuo cha Maji pale Ubungo kwa wanaopenda maji kama baba mdogo.

Kuhusu fedha, mama alinisomesha kwa alizeti. Wakati wangu mwanafunzi wa diploma hakuwa na mkopo wa Bodi ya Mikopo. Mkopo ulikuwa wa digrii. Ada ya mwaka ilikaribia shilingi milioni moja, ukiacha chumba cha kupanga, chakula, na vifaa vya kuchorea ambavyo hakuna aliyetutajia kabla: ubao, rula ya T, kalamu za wino, karatasi kubwa ambazo ukikosea mstari unanunua nyingine. Alizeti huvunwa katikati ya mwaka, na wakati huo kila mtu anauza, kwa hiyo bei iko chini. Ada inadaiwa kuanzia mwezi wa kumi. Mwaka wa kwanza mama aliuza shambani kwa wasiwasi, na gunia zote zikaisha ada haijatimia. Mwaka uliofuata baba mdogo alimkopesha fedha ya matumizi ya nyumbani ili gunia zikae ghalani mpaka bei ipande, na ada ikapatikana na kichenji kikabaki. Mzazi mkulima, panga hili mapema na ndugu zako kabla mtoto hajaondoka. Siku hizi, tangu mwaka wa masomo 2023/24, Bodi ya Mikopo inatoa mikopo kwa baadhi ya fani za diploma zilizopewa kipaumbele. Si zote, na orodha ndiyo ya kuangalia kwanza kabla ya kuchagua fani, hasa kama nyumbani hakuna alizeti.

Chuoni nilikuta mambo ambayo wenzangu wa kidato cha tano hawakuyaona. Wiki ya kwanza ya karakana tulipewa mwiko, kamba, pimamaji na timazi, tukaambiwa tujenge kona ya ukuta. Nilijenga asubuhi nzima, mgongo ukaniuma, nikajiona nimeweza. Mwalimu akaja, akashusha timazi, akanionyesha jinsi ukuta ulivyoegemea nje kuanzia mstari wa nne wa matofali, akasukuma kwa mkono ukadondoka. "Jenga tena, binti, bado kuna jua." Nikajenga tena. Leo nikisimama mbele ya ukuta wa mkandarasi naona palipopinda kabla ya kupima, na jicho hilo nililipata palepale.

Kikubwa zaidi kilikuwa fildi, yaani mafunzo kwa vitendo kazini. Wanafunzi wengi hutafuta fildi karibu na nyumbani ili waokoe nauli na kodi, halafu wanakaa ofisini kupanga mafaili. Nawaelewa, njaa haina adabu. Lakini mimi nilibahatika kupata saiti ya jengo la ghorofa, chini ya fomeni mmoja mzee ambaye hakuwa na cheti chochote na alijua zege kuliko yeyote niliyewahi kukutana naye. Siku ya kumwaga slabu, sakafu ya zege ya ghorofa, aliniita. "Shikamoo mzee." "Marahaba. Chukua koni yako uje."

Koni ni ya jaribio la slampu, la kupima ulaini wa zege, na ni rahisi kulieleza. Una koni ya chuma yenye kimo cha milimita 300, iliyo wazi juu na chini. Unaijaza zege kwa tabaka tatu, kila tabaka unashindilia kwa fimbo ya chuma mara 25, unasawazisha juu, kisha unaiinua koni taratibu na kupima zege limeshuka kiasi gani. Likishuka sana, maji yamezidi. Zege la siku ile liliporomoka lote likatandazika kama uji. Vijana wa mashine walikuwa wanaongeza maji ili iwe rahisi kulisukuma kwa koleo, na huwezi kuwalaumu, jua lilikuwa kali na malipo yao ni ya kutwa. Fomeni aliagiza mchanganyiko ule umwagwe pembeni. Msimamizi wa mkandarasi akapandisha sauti, akisema saruji ni fedha. Mzee akamjibu kwa upole kwamba huyu mtoto ameshapima na ameshaandika, sasa kilichoandikwa kitafutwaje? Kisha akanisimamia nikajaza vipande vya kupimia nguvu, vile vya milimita 150 kila upande, vinavyolowekwa kwenye maji na kuvunjwa maabara siku ya 7 na siku ya 28.

Nililitazama lile daftari langu usiku ule kwa macho mapya. Msimamizi mwenye gari na simu mbili alikuwa amenyamazishwa na mstari mmoja wa kalamu ya mwanafunzi wa fildi. Tangu hapo naandika kila kitu.

Wasichana wanaonisoma watataka kujua na hili: saiti nyingi hazina choo cha wanawake, na usipouliza siku ya kwanza utakunywa maji kidogo siku nzima ili usibanwe, mpaka uumwe. Uliza. Dai. Omba na buti za saizi yako, kwa sababu buti zinazopwaya juu ya nondo ni hatari ya kweli. Nilipodai, fomeni aliona aibu kwamba hakuwahi kulifikiria, na kesho yake mabati manne yakasimamishwa. Kuna walioniita majina pia. Hao niliwajibu kwa kufika kabla yao kila asubuhi, na baada ya muda waliacha.

Nilimaliza diploma kwa GPA nzuri, yaani wastani wa alama. Hapa kuna mtego unaowanasa wengi. Kuingia digrii kwa diploma, chuo kikuu kinataka GPA isiyopungua 3.0, na baadhi ya programu zenye ushindani hutaka zaidi. Mwanafunzi wa diploma anayesema "cha muhimu nifaulu tu" amejipangia kubaki fundi sanifu bila kujua. GPA hujengwa kuanzia muhula wa kwanza, wakati ule watu bado wanashangaa mji.

Fedha ya kuendelea haikuwepo. Wadogo zangu walikuwa sekondari na alizeti ilikuwa yao sasa. Nikafanya kazi ya fundi sanifu kwa mkandarasi wa barabara, nikipima usawa wa ardhi, nikihesabu malori ya changarawe, nikiandika ripoti za siku. Miaka ile iliniuma. Wenzangu niliosoma nao sekondari walikuwa wanaweka picha za mahafali, mimi nina vumbi mpaka kwenye kope. Lakini ndiyo iliyonipa akiba na ndiyo iliyonifundisha kutofautisha mchoro na ardhi. Fundi sanifu naye husajiliwa na ERB katika daraja lake, jisajili mapema.

Digrii ilianza, na mwaka wa kwanza ulitaka kunirudisha nyumbani. Hisabati. Kozi za diploma hufundisha hisabati ya kutosha kazi, na mhadhiri wa chuo kikuu huanza wiki ya kwanza akijua kwamba kila aliyekaa mbele yake ameshasoma Hisabati ya juu ya kidato cha sita. Wenzetu wa PCM walikuwa wanaandika kama wanaokumbushwa. Sisi wa diploma tuliangaliana. Nilipata sapu, yaani mtihani wa marudio, na kipindi cha kusubiri kuirudia nililala nikiamka nikiwaza kudisko, yaani kuondolewa chuoni kwa kufeli, mkopo umeshaanza kutumika, mama nimwambie nini.

Aliyeniokoa ni kijana wa darasani, mdogo kwangu sana, aliyekuwa akiniita dada. Alikuwa hodari wa hisabati na mchoro ulikuwa unamtoa machozi. Tukapatana: jioni ananifundisha yeye, Jumamosi namfundisha mimi kuchora na kutumia mashine ya kupimia usawa. Sapu ikafutika. Mwaka wa pili, tulipoingia kwenye zege, upimaji na udongo, mambo yaligeuka. Walionitangulia kwa hisabati wakaanza kuja chumbani kwangu, kwa sababu walikuwa wanasoma juu ya vitu ambavyo hawajawahi kuvishika.

Kwa hiyo anayetoka diploma ninamwambia hivi: ile miezi kati ya diploma na digrii, tafuta vitabu vya Hisabati ya juu vya kidato cha tano na cha sita. Fanya maswali ya utofautishaji, ufupishaji wa milinganyo, vekta, matriksi, na hesabu za kukusanya maeneo chini ya mkunjo, mpaka mkono uzoee. Ukiweza, mlipe mwalimu wa tuisheni. Fedha hiyo ni ndogo kuliko kurudia mwaka.

Bumu, yaani fedha ya Bodi ya Mikopo, lilinisaidia, lakini sikupewa mkopo wa asilimia mia, na pengo la ada nililiziba kwa akiba ya barabarani na kazi za kuchora ramani za nyumba wakati wa likizo. Mkopo wenyewe hurudishwa: ukiajiriwa hukatwa asilimia 15 ya mshahara kila mwezi. Lijue hilo kabla ya kuanza kuhesabu mshahara wa injinia kichwani.

Halafu ukihitimu, mtaa mzima unakuita injinia, na kisheria bado. Kwa Sheria ya Usajili wa Wahandisi ya mwaka 1997, asiyesajiliwa haruhusiwi kufanya kazi za uhandisi wala kujiita mhandisi. Mwenye digrii husajiliwa kwanza kama mhandisi mhitimu, na njia iliyonyooka ya kutoka hapo ni mpango wa SEAP, ulioanzishwa na ERB mwaka 2003: miaka 3 kazini chini ya mhandisi mtaalamu anayekusimamia, ukiandika logibuku, daftari la kumbukumbu za kazi, na kuleta ripoti. Kabla ya hapo, hata kabla ya kuomba chuo, hakikisha programu unayoiombea inatambuliwa na Tume ya Vyuo Vikuu, TCU, na ERB pia. Jina lenye neno "uhandisi" halitoshi, na kugundua hilo ukiwa na cheti mkononi ni msiba.

Kampuni ya kwanza niliyokwenda ilikuwa na meneja ambaye kila mtu alimwita injinia, na alikuwa mjuzi kweli. Nilipofuatilia, hakuwa amesajiliwa. Saini yake isingenifikisha popote. Nikalazimika kuondoka mahali nilipokuwa nimezoea, na mshahara wa miezi ya mwisho sikuupata. Orodha ya waliosajiliwa iko wazi kwa umma. Tafuta jina la atakayekusimamia kabla hujasaini mkataba, na usione haya, mhandisi wa kweli hatakasirika.

Msimamizi wangu wa pili alikuwa mtu mwema aliyesajiliwa, mwenye shughuli nyingi. Logibuku yangu ilikuwa inalala mezani kwake bila saini, mpaka akahamishiwa mkoa mwingine. Nilipanda basi kumfuata na kurasa za miezi mingi, na bahati yangu alikumbuka kila kazi niliyomtajia. Mwingine asingekumbuka. Tangu hapo Ijumaa ilikuwa siku ya saini. Nilikuwa nasimama mlangoni na kalamu, na alipoona sitoki, alisaini.

Na kwenye logibuku andika unachokiwaza, usiishie kwenye ulichokiona. "Leo tumemwaga zege" haina thamani. Andika kwa nini mlichagua zege la nguvu ile, mvua ilipoanza mlifanya nini, nani aliamua, wewe ulipendekeza nini na kwa hesabu gani. Mbele ya jopo la usaili waliniuliza kuhusu kalavati moja, njia ya maji chini ya barabara, la barabara ya vijijini: kwa nini liliwekwa pale na halikuwekwa kwenye bonde dogo la jirani. Nilikuwa nimeandika, na michoro midogo ya mkono: wazee wa kijiji walituonyesha alama za mafuriko kwenye mbuyu, tukarudia hesabu za maji, tukalisogeza. Mmoja wa wajumbe akaomba aione ile kurasa yenyewe. Akaisoma kimya, akampa mwenzake. Maswali ya baada ya hapo yalikuwa mazungumzo tu.

Kiapo nilikula Siku ya Wahandisi, pamoja na wenzangu wa mwaka ule. Baba mdogo alikuwepo, amevaa suti aliyoazima. Mama alipouona muhuri aliuliza kama unaweza kuibiwa, nikamwambia unaweza, na ndiyo maana siuachi ofisini kwa mtu. Hilo nalo ni la kujua: watakuja watu na michoro ambayo hukuichora, wakiomba uipige muhuri kwa fedha ya haraka, na watakuja wakati huna kodi. Jengo likianguka, jina lililopo pale ni lako, na waliomo ndani ni watoto wa watu.

Kwa wanaopenda kuvuka mipaka, Kenya, Uganda na Tanzania zilisaini mwaka 2012 makubaliano ya kutambuana wahandisi, kwa hiyo aliyesajiliwa huku ana njia ya kusajiliwa kule. Usajili wa nyumbani ndio unaoanza.

Simwambii kila mtoto apite diploma. Mdogo wetu wa mwisho amepata A ya Hisabati na B za Fizikia na Kemia, kapangiwa PCM, na mwenyewe alitaka kukataa ili afuate njia yangu. Nilimzuia. Kwa alama zile kidato cha tano kitampa bure ile Hisabati iliyonitesa mimi. Kinachobaki ni mikono, na nimeshaongea na fomeni mmoja wa Dodoma: akimaliza mtihani wa kidato cha sita, miezi ya kusubiri chuo atakuwa saiti, anashika stafu, fimbo ya kupimia usawa, na kuandika daftari, na kila Ijumaa atanitumia picha ya kurasa zake.